Namna ya Kuisoma Injini na Giaboksi ya Toyota Corolla ya Miaka ya 1990 Kabla ya Kushika Spana

Giaboksi ya otomatiki ya Toyota Corolla ya miaka ya 1990 inapokataa kuingia gia ya nne hata baada ya safari ya nusu saa, mwenye gari huambiwa upesi kwamba klachi za ndani zimekwisha na kwamba giaboksi lazima ishushwe. Niliwahi kusimama kando ya gari la namna hiyo, giaboksi ikiwa imeshashushwa na vipande vyake vimepangwa juu ya gunia, ndipo mtu mmoja akauliza kwa nini mshale wa joto la maji haukuwahi kupanda. Thamostati, yaani valvu inayozuia maji ya kupozea mpaka injini ipate joto, ilikuwa imekwama ikiwa wazi. Injini haikuwa ikipata joto lake, kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, ilikuwa ikiamini kwamba gari bado ni la baridi, na kwa sababu hiyo ilikuwa ikiizuia gia ya nne isiingie, kama ilivyopangiwa tangu kiwandani. Giaboksi yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Mwongozo huu unahusu Corolla za kizazi cha E100, kilichotoka Juni 1991, na cha E110, kilichofuata Mei 1995, hasa zile zenye injini za petroli za familia ya A. Nia yangu ni kuonyesha jinsi injini na giaboksi zilivyobuniwa kama kiungo kimoja, na jinsi ya kuzipima kwa mpangilio unaomzuia mtu asilaumu giaboksi kwa kosa la injini au injini kwa kosa la giaboksi.

Anza na kibati

Ndani ya boneti kuna kibati cha chuma chenye namba ya modeli, aina ya injini na aina ya giaboksi. Kisome kabla ya kununua kipuri chochote, kwa maana Corolla mbili zinazofanana kwa nje kama pacha zinaweza kuwa na mitambo tofauti. Katika namba ya modeli, herufi ya kwanza hutaja familia ya injini na ya pili hutaja kwamba gari ni Corolla au ndugu yake. Kwa hiyo AE100 na AE110 ni Corolla zenye injini ya 5A-FE ya sentimita za ujazo 1,498, AE101 na AE111 kwa kawaida hubeba 4A-FE ya 1,587, EE101 na EE111 hubeba 4E-FE ya 1,331, na herufi CE humaanisha dizeli.

Jina la injini nalo linasomeka. Katika 5A-FE, tarakimu 5 ni nafasi ya injini hiyo ndani ya familia yake, A ni familia ya bloku, F ni silinda hedi yenye kemshafti mbili (fimbo zinazofungua valvu) na valvu zilizokaribiana, na E ni upulizaji wa petroli unaoongozwa kwa umeme. Herufi G ikisimama mahali pa F, kama katika 4A-GE, hedi ni ya aina nyingine iliyokusudiwa kasi, na mengi ya maelezo haya hayaihusu. Tofauti kati ya 5A-FE na 4A-FE ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani: pistoni zote mbili husafiri milimita 77, lakini silinda ya kwanza ina kipenyo cha milimita 78.7 na ya pili 81. Sababu ya kuwa na ukubwa wa 1,498 ni kodi ya magari ya Japani, ambayo hupanda daraja injini inapovuka 1,500, na ndiyo maana magari mengi ya familia ya Kijapani yana ujazo unaoishia kidogo tu chini ya namba hiyo.

Kwenye upande wa giaboksi utaona namba kama C50, ambayo ni ya klachi yenye gia tano, au A240L na A245E, ambazo ni otomatiki za gia nne. Herufi ya mwisho ndiyo ya kuzingatia. L humaanisha kwamba mabadiliko ya gia yanaongozwa kwa shinikizo la oili na kwamba konvata, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, ina klachi ya kuifunga, ilhali E humaanisha kwamba kontroli boksi ndiyo inayoamua wakati wa kubadilisha gia, kwa kutumia solenoidi, yaani valvu ndogo za umeme. Uchunguzi wa giaboksi hizi mbili unatofautiana karibu tangu hatua ya kwanza.

Kwa nini mitambo imekaa ilivyokaa

Corolla ya sedani ilihamia kwenye magurudumu ya mbele yanayovuta mwaka 1983, na tangu hapo injini imelazwa kwa upana wa gari, ikiwa upande wa kulia, na giaboksi upande wa kushoto. Sheria ya Japani ya daraja la magari madogo inataka upana usizidi mita 1.7, na E110 ina milimita 1,690. Ukitoa nafasi ya magurudumu yanayokata kona, ya springi na ya fremu mbili za pembeni, kinachobaki kwa injini na giaboksi zilizopangwa kwa mstari mmoja ni kidogo sana. Karibu kila kitu cha ajabu utakachokikuta chini ya boneti kinatokana na ufinyu huo.

Chukua silinda hedi. Kemshafti mbili zikiendeshwa zote na mkanda zinahitaji puli mbili kubwa kando kwa kando, na puli hizo huzilazimisha kemshafti zikae mbali. Katika hedi ya F mkanda unazungusha kemshafti moja tu, na hiyo ndiyo inayoizungusha mwenzake kwa gia ndogo zilizo ndani ya hedi. Kemshafti hukaribiana, valvu za kuingiza na za kutoa husimama karibu wima zikiwa na pembe ya digrii 22 na kidogo kati yake, na chumba cha kuwakia kinakuwa kidogo na kifupi, jambo linaloifanya injini iwake vizuri katika mizunguko ya chini, ambako gari la familia hutumia sehemu kubwa ya maisha yake. Hii ndiyo sababu injini ya valvu 16 ya Corolla haina tabia ya kudai mizunguko mingi kama ilivyo kwa injini nyingi za valvu nyingi za miaka ileile.

Giaboksi ya A240 na ndugu zake nazo zimekunjwa. Badala ya kupanga seti zote za gia kwenye mhimili mmoja, wabunifu waliweka seti za kwanza kwenye mstari wa injini na seti ya mwisho kwenye mhimili wa pili unaokwenda sambamba, karibu na difrensho, ambayo imo ndani ya kasha hilohilo. Seti hiyo ya mwisho hupunguza mwendo katika gia tatu za kwanza, na inapoacha kupunguza ndipo gia ya nne inapopatikana. Uwiano wake ni 3.643 kwa gia ya kwanza, 2.008 kwa ya pili, 1.296 kwa ya tatu na 0.892 kwa ya nne. Zikumbuke namba mbili za mwisho, kwa sababu zitatumika barabarani.

Kinachounganisha pande hizi mbili si bolti za kasha peke yake. Kuna kebo inayotoka kwenye kilango cha hewa cha injini hadi ndani ya giaboksi, kuna kontroli boksi moja inayosoma sensa za pande zote mbili, na kuna bomba mbili zinazopeleka oili ya giaboksi ikapozwe ndani ya tanki la rejeta ya injini. Mtu anayezifahamu njia hizi tatu amekwisha kujua mahali ambapo makosa huvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Injini kwanza

Sababu ya kuanza na injini ni rahisi: giaboksi hupokea kile inachopewa. Injini iliyopungukiwa nguvu humfanya dereva akanyage mafuta zaidi, na giaboksi hujibu kwa kuchelewesha gia na kubana kwa shinikizo kubwa, hata mtu akaamini kwamba inagonga au inateleza.

Anza kwa kusoma kumbukumbu ya makosa. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi cha uchunguzi chenye kifuniko kilichoandikwa majina ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, na utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa haraka kwa mwendo ulio sawa, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu fungu la kwanza kama makumi na la pili kama mamoja. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 24 ni ya joto la hewa inayoingia, 31 katika injini hizi ni sensa ya vakyumu, 41 ni sensa ya kilango cha hewa na 42 ni ya mwendo wa gari. Namba 22, 41 na 42 zinaweza kuharibu ubadilishaji wa gia katika A245E, na kila moja ni ya kurekebishwa kabla ya neno lolote juu ya giaboksi.

Ukiwa bado umeunganisha TE1 na E1, pima taimingi ya moto kwa taa ya taimingi injini ikiwa imepata joto. Inatakiwa kuwa digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Bila waya ule kontroli boksi huendelea kuihamisha taimingi itakavyo, kwa hiyo anayegeuza distribyuta bila kuunganisha matundu anarekebisha kivuli. Nimeona magari mengi yenye taimingi iliyorudishwa nyuma hivi, yakiwa mazito mlimani na mepesi kula petroli, na wenye nayo wakiwa wamekwisha kubadilisha oili ya giaboksi mara mbili.

Kisha toa waya za plagi na uchungulie ndani ya visima vyake. Oili ikiwa imejaa humo, sili za visima kwenye kifuniko cha valvu zimekauka, na injini itakuwa ikikosa moto kwenye silinda moja au mbili, hasa inapobebeshwa mzigo. Mtikisiko huo katika gia ya juu hufanana kabisa na mtikisiko wa klachi ya konvata inayoshika na kuachia. Dawa yake ni gasketi na sili za mpira, kazi ya saa chache.

Kipimo cha mgandamizo ndicho chenye ukweli mwingi zaidi juu ya umri wa injini. Pasha injini, toa plagi zote, zima moto na upulizaji wa petroli, kanyaga mafuta hadi mwisho na uzungushe kwa stata. Kwa 4A-FE iliyo nzima kitabu hutaja kilopaskali 1,320, kiwango cha chini kabisa kikiwa 981, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 98. Tofauti hiyo ndiyo ninayoiangalia kwanza, kwa maana injini iliyochoka sawasawa kwenye silinda zote nne hutembea kwa utulivu miaka mingi, lakini silinda moja iliyoanguka hutikisa gari zima. Silinda ikiwa chini, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda, ringi au ukuta wa silinda umekwisha. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi. Na moshi wa buluu usikupeleke moja kwa moja kwenye ringi: ukitoka asubuhi gari linapowashwa kisha ukapotea, au ukitoka baada ya kuteremka mlima mguu ukiwa nje ya mafuta, mara nyingi ni sili za valvu zilizokakamaa, na hizo hubadilishwa bila kugusa pistoni.

Nafasi ya valvu haijirekebishi yenyewe katika hedi hii. Hupimwa kwa fila geji, vibati vyembamba vya kupimia mwanya, injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.20 hadi 0.30 kwa za kutoa kwenye 4A-FE na 5A-FE. Hurekebishwa kwa kubadilisha visahani vya chuma vilivyo juu ya vikombe, ambavyo unene wake hupishana kwa milimita 0.05. Watu husubiri kelele ndipo wapime, na hilo ni kosa, kwa sababu valvu za kutoa huelekea kubana kadiri zinavyochakaa kwenye kiti, na valvu iliyobana haipigi kelele; hukaa kimya ikiungua polepole.

Mkanda wa taimingi

Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, au mapema zaidi ikiwa historia ya gari haijulikani. Habari njema ni kwamba katika 4A-FE valvu na pistoni hazigongani mkanda unapokatika. Gari husimama pale lilipo, lakini hedi hubaki salama. Jambo la pili la kujua ni kwamba pampu ya maji haiendeshwi na mkanda huu. Inaendeshwa na mkanda wa nje pamoja na alteneta, na kwa hiyo taa ya chaji ikiwaka na mshale wa joto ukaanza kupanda kwa wakati mmoja, usitafute makosa mawili. Simama, zima injini, fungua boneti: mkanda wa nje umekatika au umelegea.

Ili kubadilisha mkanda wa taimingi, zungusha krankshafti hadi alama ya puli ielekee sifuri, kisha hakikisha kitundu cha puli ya kemshafti kimelingana na alama iliyo kwenye kepu ya beringi. Kisipolingana, zungusha tena mara moja kamili, kwa maana krankshafti hufanya mizunguko miwili kwa mmoja wa kemshafti. Legeza puli ya kukazia, toa mkanda wa zamani, vaa mpya upande usio na puli ya kukazia ukiwa umenyooka, kisha iachie springi yenyewe ivute. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kusukuma puli kwa bisibisi ili mkanda uonekane umekaza zaidi. Springi imepimwa, mkanda uliokazwa kupita kiasi huvuma na kuua beringi. Zungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili kufuata saa, angalia alama upya, na ndipo ukaze bolti ya puli.

Ukilazimika kutoa kemshafti, kumbuka gia zilizo kati yake. Gia ya kemshafti inayozungushwa na mwenzake ina vipande viwili vinavyosukumana kwa springi ili kuondoa mlio, na vipande hivyo lazima vifungwe pamoja kwa bolti ndogo kabla ya kepu ya kwanza kulegezwa. Kemshafti pia itolewe ikiwa imelala sawa, kepu zikilegezwa kidogo kidogo kwa zamu, kwa sababu ikiinuka upande mmoja inaweza kupasua alumini ya hedi palepale.

Joto

Bloku ya injini hizi ni chuma cha kusubu na hedi ni alumini. Alumini hutanuka zaidi ya chuma inapopata joto, na gasketi iliyo katikati ndiyo inayovumilia tofauti hiyo. Injini ikichemka mara moja kwa nguvu, hedi inaweza kupinda, na kiwango kinachokubaliwa kwenye uso unaokaa juu ya bloku ni milimita 0.05 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona bila rula ya chuma na fila geji. Bolti za hedi katika 4A-FE hukazwa kwa Nm 29 kwanza, kuanzia katikati kwenda nje, kisha kila moja ikageuzwa digrii 90, na tena digrii 90. Ni za urefu wa aina mbili, kwa hiyo ziweke kwa mpangilio uleule zilikotoka.

Kutoa thamostati ili gari lisichemke ni desturi ambayo sikubaliani nayo hata kidogo. Thamostati hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Bila hiyo, injini hutembea ikiwa baridi, kontroli boksi humwaga petroli zaidi, oili huchafuka upesi, na katika otomatiki gia ya nne pamoja na klachi ya konvata huchelewa au hukosekana kabisa. Gari linalochemka lina sababu nyingine: rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, kifuniko cha rejeta kilicholegea au pampu iliyokwisha.

Sasa giaboksi

Gari likiwa la klachi, kazi ni chache. C50 haina dipstiki. Fungua bolti ya kujazia iliyo ubavuni, na oili iwe imefika karibu na ukingo wa chini wa tundu, isipungue kwa zaidi ya milimita 5. Hubeba takriban lita 1.9 za oili ya gia ya 75W-90. Gia inayoingia vizuri injini ikiwa imezimwa lakini ikakataa inapowaka si gia mbaya: klachi haiachii, na mara nyingi pampu yake ndogo inavuja.

Kwa otomatiki, dipstiki husomwa injini ikiwa inazunguka, gari likiwa limetembea hadi likapata joto, limesimama mahali tambarare, na mkono wa gia umepitishwa polepole katika kila nafasi na kurudishwa P. Oili iwe ndani ya alama za joto. Kuijaza kupita alama hakusaidii chochote. Gia huipiga ikawa povu, na povu halishiki shinikizo. A240L na A245E hutumia oili ya daraja la Dexron II au III, na oili za otomatiki mpya zaidi za kampuni ileile si mbadala wake. Kwenye baadhi ya giaboksi za zamani zaidi za gia tatu, kama A131L, difrensho ina chumba chake chenye oili yake, kwa hiyo tazama kama kuna bolti mbili za kumwagia kabla ya kudhani kwamba umemaliza.

Rangi nayo ina maana. Nyekundu iliyo wazi ni nzuri, kahawia ni uzee, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni klachi zilizoteketea. Rangi ya waridi iliyo kama maziwa humaanisha kwamba maji ya rejeta yameingia kupitia kipozea oili kilicho ndani ya tanki lake, na hapo kinachotakiwa kwanza ni rejeta, la sivyo giaboksi mpya itakunywa maji yaleyale. Unapobadilisha oili, bolti ya sampu hutoa takriban lita 3 tu, kwa kuwa nyingine inabaki kwenye konvata. Napendelea kuimwaga na kuijaza hivyo mara mbili au tatu, gari likitembea siku chache katikati, kuliko kuisukuma yote nje kwa mashine kwenye giaboksi ambayo haijaguswa miaka kumi.

Kisha angalia ile kebo ya kilango cha hewa. Mwombe mtu akanyage mafuta hadi mwisho, na upime umbali kati ya kizuizi kilichobanwa kwenye kebo na ncha ya mpira wa kava lake: uwe kati ya milimita 0 na 1. Kebo ikilegea, shinikizo la oili linakuwa dogo na klachi huteleza zikiungua. Ikikaza mno, kila gia hugonga. Katika A240L kebo hiyo huamua pia mwendo ambao gia hubadilika, ilhali katika A245E huamua shinikizo peke yake. Nathubutu kusema kwamba giaboksi nyingi za aina hii zilizokufa mapema ziliuawa na mtu aliyerekebisha kilango cha hewa cha injini bila kurudi kuitazama kebo.

A245E ina kumbukumbu yake ya makosa pia. Kwa kuunganisha matundu yaleyale ya TE1 na E1, kitufe cha ovadraivu kikiwa kimeruhusu gia ya nne, taa ya O/D OFF itapepesa: 42 na 61 ni sensa za mwendo, 62 na 63 ni solenoidi za kubadilisha gia, na 64 ni solenoidi ya klachi ya konvata. Taa hiyohiyo ikiwaka bila kupepesa wakati wa safari, maana yake ni kwamba dereva amebonyeza kitufe na kuifungia nje gia ya nne. Inashangaza ni wangapi huendesha hivyo miaka nenda rudi wakilalamikia ulaji wa petroli.

Barabarani

Chagua barabara iliyonyooka na tulivu, injini ikiwa na joto kamili, na uendeshe kwa mguu mwepesi ukitazama kipimo cha mizunguko. Mshale unapaswa kushuka mara nne: kutoka gia ya kwanza hadi ya pili, ya pili hadi ya tatu, ya tatu hadi ya nne, na mara ya mwisho kidogo tu, klachi ya konvata inapofunga. Kutokana na uwiano wa 1.296 na 0.892, injini iliyokuwa kwenye mizunguko 3,000 katika gia ya tatu inapaswa kuangukia karibu 2,060 inapoingia ya nne kwa mwendo uleule. Ikishuka kiasi hicho, gia ya nne ipo, hata kama hukuihisi. Ili kujua kama konvata imefunga, shikilia mwendo usiobadilika na uguse breki kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa za nyuma. Mizunguko ipande kidogo kwa kuwa swichi ya taa za breki huiachia klachi hiyo. Isipopanda, tazama kwanza kama taa hizo haziwaki muda wote, kwani swichi iliyokwama huizuia konvata isifunge kamwe.

Ukirudi, simama, weka breki ya mkono, na uhamishe mkono wa gia kutoka N kwenda D ukihesabu muda hadi uhisi gari limeshika: usizidi sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R usizidi sekunde 1.5. Kishindo kikubwa hapa si lazima kiwe cha giaboksi. Mwombe mtu akae pembeni atazame injini. Ikiruka juu na kurudi, mauntingi, yaani mpira unaoishikilia injini, imekatika.

Kipimo cha mwisho ni kizito kwa mtambo, na kifanywe tu ikiwa oili ni safi na imefika kwenye alama. Zuia magurudumu yote, vuta breki ya mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka D, kanyaga mafuta hadi mwisho, soma mizunguko na uachie ndani ya sekunde 5. Acha injini izunguke kwenye N dakika moja au zaidi ili oili ipoe, kisha rudia kwenye R. Linganisha na namba iliyo kwenye kitabu cha gari lako. Mizunguko ikizidi katika D na R pia, shinikizo ni dogo: rudi kwenye kiasi cha oili na kwenye kebo. Ikizidi katika D peke yake, klachi ya kwenda mbele inateleza. Ikizidi katika R peke yake, tatizo liko kwenye klachi au breki ya ndani inayoshika kinyumenyume, na hapo ndipo kuna sababu ya kushusha giaboksi. Ikiwa pungufu katika nafasi zote mbili, ama konvata imeharibika ndani au injini haina nguvu, na kipimo cha mgandamizo ulichokwisha kukiandika kitakuambia ni ipi kati ya hizo mbili.